Kanisa Katikati ya Ziwa

Sisi watu wa Nesvik hatugombani kwa kelele. Mtu akikukasirikia hapa kwetu anaacha kukusalimia, anahama benchi kanisani, na anaweza kuendelea hivyo mpaka siku ya kuzikwa. Mgeni akitutembelea anasema, jamani, watu wapole kweli hawa. Mimi nililetwa Minnesota na wazazi wangu kutoka Norwe nikiwa bado nanyonya, nimezeekea hapa, na ninakwambia upole huo ulikaribia kutumaliza.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1887, na reli ilikuwa njiani. Tuliingoja miaka mingi, kisha wakaamua kuipitisha upande wa kusini wa ziwa, na kijiji chetu kiko kaskazini. Mtu wa kampuni ya reli, Bwana Pruitt, alikuja wakati wa mavuno akasimama kwenye ngazi za shule akatueleza. Kituo kitajengwa ng'ambo, mahali ambapo wakati ule palikuwa na matete na bata tu. Kampuni itatoa kiwanja bure kwa kanisa la kwanza litakalosimama pale, na kituo kitapewa jina la kijiji chenye kanisa hilo.

"Nitarudi wiki ya baada ya Pasaka kupima viwanja," alisema. "Nitakalolikuta limesimama, hilo ndilo."

Maneno hayo hayo alikuwa ameshayasema asubuhi ile kule Harmon. Harmon ni kijiji cha watu wa Kiingereza waliotoka mashariki, wenye kiwanda cha kupasua mbao na hela ya kuchezea. Kufika Krismasi walikuwa wameshachimba msingi ng'ambo. Kufika Februari kuta zilikuwa juu, tukawa tunaziona kutoka kwenye madirisha yetu, nyeupe nyeupe, zinangoja paa.

Nyumbani kwangu jambo hili halikuwa la kijiji tu. Mume wangu Tarjei ana kaka yake Dakota, na Dakota wakati ule watu walikuwa wanaizungumzia kama mbingu yenye ngano. Jioni moja aliweka kijiko chini akasema, "Guro, treni ikienda kwa watu wa Harmon, sisi tunaenda Dakota. Sitaki kuzeeka mahali ambapo watu wanapapita."

Watoto wetu wawili, Liv na Sjur, wako nyuma ya kanisa. Dondakoo liliwachukua wiki moja. Tarjei hakuwahi kuwataja tangu siku ile, na mimi nilikuwa naenda kila Jumamosi kuwasafishia, na wakati wa theluji naifagia kwa mkono ili majina yaonekane. Kwenda Dakota maana yake ni kuwaachia magugu. Nilimpakulia viazi vingine, nikageuka kuosha sufuria, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitapiga kelele.

Kanisa tulikuwa nalo, shida lilikuwa upande usiotakiwa. Tulilijenga wenyewe kwa misonobari yetu, jeupe, lina mnara mwembamba na kengele iliyonunuliwa kwa soksi za akina mama, maana tulifuma soksi mpaka vidole vikaota sugu. Kujenga jingine hatukuwa na uwezo. Basi ikaamuliwa lihamishwe, zima zima, juu ya barafu.

Nani aliyelisema kwanza? Kila nyumba hapa itakwambia ni babu yao. Ukweli ni kwamba wote waliliwaza, kwa sababu wanaume wetu wote walikuwa wanaenda kukata miti misituni kila baridi, na kule kazi ni hiyo hiyo. Jioni unapitisha tangi la maji lenye matundu juu ya njia, maji yanamwagika, asubuhi njia ni kioo, na farasi wawili wanavuta mzigo ambao kiangazi ishirini wasingeutikisa. Kama magogo yanateleza, kanisa litashindwaje?

Mtu ataniuliza, kanisa likivuka, si makaburi yanabaki kaskazini? Yanabaki. Lakini hata tukihamia kusini, mimi ningebaki karibu. Barafu ikiwepo ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na ikiyeyuka kuna mtumbwi. Dakota ni Dakota.

Sasa nieleze ugomvi, maana bila ugomvi hakuna Nesvik. Mwaka ule Walutheri wa Norwe wote wa Marekani walikuwa wamepasuka vipande viwili juu ya swali moja. Je, Mungu alikuchagua uokoke kwa kuwa aliona mbele kwamba utaamini? Au alikuchagua tu, kwa kupenda kwake, na ndiyo maana unaamini? Usicheke. Watu waliuza mashamba kwa swali hilo. Nils Rudi, mhunzi wetu, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala, alisema Mungu alichagua tu. Gunnar Stokke, mwongoza nyimbo kanisani, mwembamba, mwenye sauti inayotoka sijui wapi, alisema Mungu aliona mbele. Nusu ya kijiji ikaenda na Nils, nusu na Gunnar. Mchungaji angeweza kuwatuliza, lakini alikuwa amekwenda mjini kwenye mkutano wa wachungaji, kugombania jambo lile lile.

Na ubaya wenyewe ni kwamba Nils amemwoa Borghild, dada yake Gunnar. Mama yao, Bibi Aasne, alikuwa na kibanda chake katikati ya nyumba hizo mbili, na kila Jumapili alikula nusu ya chakula kwa mwanawe na nusu kwa mkwewe, asimwudhi yeyote. Alikuwa mnene kidogo kwa sababu hiyo.

Kwa ajili ya kuhamisha kanisa wakafunga mapatano. Mpaka lifike ng'ambo, hakuna neno juu ya Mungu kuchagua. Walipeana mikono bila kutazamana, na kazi ikaanza.

Ilikuwa kazi ya kupendeza, lazima niseme. Waliinua kanisa kwa jeki, wakaingiza chini yake magogo mawili marefu yaliyochongwa yakawa kama miguu ya sleji, lile gari la theluji lisilo na magurudumu, wakayapaka mafuta ya nguruwe. Farasi wa kijiji kizima walivishwa viatu vyenye misumari. Wa upande wa Nils wakafungwa kushoto, wa Gunnar kulia. Nils alipopaza sauti, minyororo ikakaza, kuta zikalia, na kanisa tulilobatiziwa watoto likasogea kama ng'ombe anayeamka. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nilimwaga yote miguuni pangu na sikusikia joto.

Likateremka ukingoni, likaingia ziwani, likaenda. Kila asubuhi walipiga miguu ya sleji kwa nyundo kuibandua, maana ikikaa usiku kucha inagandamana na barafu, kisha wakavuta mpaka jua lilipokuwa kali. Watu wa Harmon walianza kusimama ukingoni kwao kutazama. Walikuwa wameacha kucheka. Tarjei alirudi nyumbani jioni uso umemwiva kwa baridi, akala kama mtu wa miaka ishirini, na neno Dakota halikutajwa.

Halafu wakafika katikati ya ziwa, wakakaa kula.

Mimi nilikuwepo, niliwapelekea mkate bapa wa viazi na samaki. Nils alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa anatafuna, ametosheka na dunia.

"Kule ng'ambo," akasema, "ufunguo wa kanisa utakaa kwangu. Karakana yangu itakuwa jirani."

Gunnar akafuta kisu chake polepole. "Ufunguo umekaa kwangu tangu kanisa lipakwe rangi, shemeji."

"Ndiyo, na bawaba zimekaa bila mafuta tangu kanisa lipakwe rangi."

"Mwenye kulitunza atajulikana."

"Kwani Mungu bado hajui? Nilidhani yeye huwa anaona mbele."

Watu wakaacha kutafuna. Nilimtazama Tarjei, Tarjei akatazama buti zake. Gunnar aliinuka, na ile sauti yake ya kuimbisha ikatoka.

"Kama Mungu ameshachagua kila kitu peke yake, ndugu Nils, wewe unavutia nini? Nenda nyumbani ukalale. Kanisa litafika lenyewe."

"Na wewe kaa hapo," Nils akasema, "umngoje Mungu aone mbele kama utavuta."

Hakuna aliyepiga ngumi. Laiti wangepigana. Kwetu hatupigani. Gunnar alikwenda kulia akafungua minyororo ya farasi wake mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Nils akafanya hivyo hivyo kushoto. Kila upande ukasema hautafunga tena mpaka upande wa pili ukiri mbele ya watu kanisa ni mali ya nani. Wakaondoka kwa njia mbili tofauti, na kanisa likabaki katikati ya ziwa na ngazi zake, na mimi na kikapu changu.

Kila mwanamume pale alikuwa mkata miti. Kila mmoja alijua jambo ambalo hata mtoto wa kambi ya miti analijua: mzigo mzito unapita salama juu ya barafu ukiwa unatembea, ila usisimame. Ukisimama, barafu inapinda chini yake taratibu, maji yanapanda, na siku moja husikii hata mlio. Walijua, wakaenda nyumbani. Nimeishi sana na bado sijakutana na watu wengine duniani wenye akili ya kutosha kulipeleka kanisa katikati ya ziwa na ukaidi wa kutosha kuliacha pale.

Siku ya kwanza tulisema watatulia. Siku ya pili upepo ukageuka ukatoka kusini, ule unaonuka udongo, na mchana matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye mapaa. Nilikwenda ziwani nikaona duara la maji kuzunguka kanisa, jembamba, linang'aa. Barafu ilitoa sauti ndefu kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ng'ambo, watu wa Harmon walikuwa juu ya paa lao wanapigilia mbao, na misumari yao tuliisikia mmoja mmoja.

Tarjei nilimkuta ghalani anapaka gari letu mafuta kwenye ekseli za magurudumu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza, ingawa niliona.

"Gari likae tayari tu."

"Nenda kamwambie Nils afunge farasi."

"Mimi niko upande wa Gunnar, Guro."

"Basi kamwambie Gunnar."

"Gunnar hawezi kuanza. Nils ndiye aliyeanza."

Hapo ndipo niliposema. Nilisema, "Ukinipeleka Dakota, Liv na Sjur unamwachia nani? Upande wa Nils au upande wa Gunnar?" Alisimama na ile brashi ya mafuta mkononi, uso mweupe. Nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Borghild, mke wa Nils, ambaye nilikuwa sijamsalimia tangu Krismasi kwa sababu ya Mungu kuchagua. Alifungua mlango akanitazama, nikamtazama. Nyuma yake alikuwa ameketi mama yake, Bibi Aasne, anafuma soksi.

"Kanisa linazama," nikasema.

"Najua," Borghild akasema. "Nimemwambia. Ananisomea Warumi sura ya tisa."

"Yule mwingine ananisomea mimi sura ya nane," Bibi Aasne akasema, bila kuinua macho. "Wamenichosha. Borghild, nipe shali yangu."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kanisani."

Tulidhani anatania. Akavaa shali, akatia soksi yake na nyuzi kwenye kikapu, akachukua birika la kahawa lililokuwa jikoni likichemka, akatoka. Tulimfuata tukimsihi mpaka tukachoka. Alitembea juu ya ziwa kwa hatua zake fupi, akaruka lile duara la maji kama anavuka mfereji wa shambani, akapanda ngazi akaingia. Tulipochungulia alikuwa amekwisha kuwasha jiko la kanisa na kuketi mbele, katikati, mahali ambapo pana nafasi ya kupita baina ya pande mbili. Alikuwa amevuta kibenchi pale makusudi.

Habari zilimfikia Gunnar kabla sijafika hata ukingoni. Akaja mbio, na Nils akaja mbio kutoka upande wake, na nusu ya kijiji ikawa nyuma yao. Wakasimama mbali kidogo, maana waliogopa kuiongezea barafu uzito.

"Mama, toka humo," Gunnar akaita.

Dirisha likafunguliwa. "Nimestarehe. Hapa hapana upepo."

"Mama mkwe, barafu inapinda," Nils akasema. "Hata hapa nasikia."

"Sikio lako zima, mwanangu. Nimefurahi."

"Mama, utakufa."

"Hilo Mungu ameshaliamua," Bibi Aasne akasema. "Au ameshaliona. Mtaniambia mkishapatana ni lipi." Akafunga dirisha.

Watu wengine walicheka, sitakuficha, na mimi mmoja wao. Lakini Gunnar na Nils hawakucheka. Walisimama pale kama magogo mawili, kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwanza. Niliwatazama nikaona watasimama hivyo hivyo mpaka kikongwe yule aingie majini, kisha watahuzunika sana, kila mmoja upande wake. Nikaona akilini gari la Tarjei limepakiwa. Nikaona magugu.

Nikamshika Borghild mkono. "Farasi wenu wanakujua?"

"Nani unadhani anawalisha?"

Hatukuitisha mkutano. Jamani, akina mama hatukuhitaji mkutano, tulikuwa tunafuma soksi pamoja kila Alhamisi tangu kijiji kianzishwe, na Alhamisi zile hazikuvunjika hata wakati wa ugomvi, ila tulikuwa tunafuma kimya. Borghild alipita nyumba za upande wake, mimi nikapita za upande wangu. Wanaume walipokuwa bado wamesimama ziwani wakitazama dirisha, mabanda ya farasi yalifunguka kila upande wa kijiji, na tukateremka ukingoni na wanyama wote, sketi tumezipandisha na kuzifunga kiunoni. Tulichanganya farasi. Hilo tulilifanya kusudi. Farasi wa Gunnar kushoto, wa Nils kulia, mmoja hivi mmoja vile, mpaka hakuna mtu angeweza kufungua wake bila kugusa wa mwenzake.

"Guro," Tarjei aliniita nilipopita mbele yake na hatamu. Sikugeuka. Nilikuwa na farasi wa mbele wawili, mmoja wetu na mmoja wa mhunzi, na nilikuwa nawaimbia.

Tulifunga minyororo. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tukavuta, na kanisa halikutikisika, kwa sababu miguu ya sleji ilikuwa imegandamana na ziwa. Kwa nyundo tulijaribu, na mashoka, lakini barafu ya siku mbili si mchezo. Borghild akainuka, nywele zimemwangukia usoni, akawaelekea wale wanaume.

"Mama yangu yumo humo ndani," akasema. Hakupaza sauti. "Nani ana nyundo?"

Sijui nani alisogea kwanza, na ninyi msimwamini yeyote atakayewaambia anajua. Mimi ninalojua ni kwamba Nils aliingia majini upande wa kushoto na nyundo yake ya kuhunzia, na Gunnar akaingia upande wa kulia na shoka, na hawakusemezana. Walipiga. Kisha nikasikia Gunnar anaanza kuimbisha, ule wimbo wa kuvutia magogo, ambao hauna hata neno moja la dini, na kila penye mkazo nyundo zote zikashuka pamoja. Wanaume wengine wakaja kusukuma kwa mabega. Tarjei alikuja akasimama nyuma ya kona iliyokuwa imezama zaidi, mahali pabaya kuliko pote.

Kitu kikavunjika chini. Nilidhani ni ziwa. Ilikuwa miguu ya sleji imebanduka, na farasi wangu wakaruka mbele wakanivuta nusura nianguke, na kanisa likaja nyuma yetu.

"Msisimame," Nils akapiga kelele. "Kwa jina la Mungu, msisimame tena."

Nani angesimama? Tulikimbia. Mimi mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye sketi mbili za sufu zilizolowa, nilikimbia mbele ya kanisa juu ya ziwa. Nyuma yetu barafu ilikuwa inapasuka pale lilipokuwa limekaa, tulisikia ikiachia, na maji yakatupwa juu. Na kwa kuwa hatukuwahi kwenda kwa kasi namna ile, mnara ukaanza kuyumba, na kengele ikaanza kulia yenyewe. Ililia ovyo, bila mpango, kama ng'ombe mwenye njuga anayekimbia nyuki. Hakuna aliyeipiga. Ile kengele ya soksi zetu ilisikika ziwa zima, na watu wa Harmon wakashuka kwenye paa lao mmoja mmoja wakaja ukingoni.

Ukingo wa ng'ambo ndio ulikuwa hatari, barafu ya pale ilikuwa imeoza kwa jua. Nils alikuwa anakimbia ubavuni akiita tusipunguze, Gunnar bado anaimbisha, sauti imempasuka. Farasi walipasua barafu nyembamba wakapiga mchanga, wakapanda. Pembe moja ya kanisa ilizama mpaka chini ya dirisha. Nikaona mabega ya Tarjei chini yake na wanaume wengine watatu, majini mpaka kifuani, na nikawachapa farasi kama sijawahi kuchapa kiumbe. Minyororo ikalia. Kanisa likainuka, likatoa maji kama mbwa, likapanda matete na kusimama juu ya kiwanja, limepinda kidogo upande wa magharibi. Hata leo limepinda, na hatutaki mtu alinyooshe.

Mlango ulifunguka. Bibi Aasne akatoka na birika.

"Imemwagika kidogo," akasema. "Ila kila mtu atapata." Akammiminia Nils kwanza, kisha Gunnar, katika kikombe kimoja, na wote wawili wakanywa.

Usidhani walipatana. Walipatana juu ya saa tu: watu wa Nils wanasali asubuhi, watu wa Gunnar alasiri, na ufunguo ukakaa kwa Bibi Aasne mpaka alipofariki, kisha kwa Borghild. Paa la Harmon lilikamilika siku mbili kabla ya Pasaka, letu likiwa limeshasimama, na ninawasifu, ni kanisa zuri, liko mtaa wa pili.

Bwana Pruitt alikuja na wapimaji wake kama alivyosema. Sisi sote tulikuwa pale, wa asubuhi na wa alasiri, tumevaa nguo nzuri. Alizunguka kanisa mara mbili. Akagusa rangi iliyochakaa, akatazama bawaba zenye kutu, na jina la mtoto fulani lililochongwa kwenye ubao wa ngazi.

"Mwezi wa kumi hapakuwa na kitu hapa," akasema. "Mmelijenga lini hili?"

"Miaka kumi na minne iliyopita," Bibi Aasne akamjibu.

Aliangalia ziwa. Barafu ilikuwa imekwisha kabisa, maji matupu, bata wamerudi. Akaangalia ng'ambo, mahali ambapo palionekana msingi wa mawe usio na kitu juu yake, na alama ndefu ya kitu kilichoburutwa kuteremka ukingoni. Akavua kofia. Kisha akamwambia mpimaji wake kwa sauti tuliyoisikia wote, "Andika Nesvik."

Watu wangu hawajui kushangilia. Walitikisa vichwa, wakaguna, mtu mmoja akasema hali ya hewa si mbaya. Lakini Gunnar alianza wimbo, na Nils, aliyeapa hataimba tena nyuma ya mtu yule, aliimba, vibaya na kwa nguvu, na tukaimba wote mpaka farasi wa Bwana Pruitt wakashtuka.

Tarjei alikuwa amesimama karibu nami. Bega lake lilikuwa bado limefungwa kitambaa kutokana na ile kona. Wimbo ulipokwisha hakunitazama, alitazama ng'ambo.

"Sjur angekuwa na miaka saba sasa," akasema. "Jumamosi ukienda, ningoje. Nitapiga makasia mimi."

Nikalia pale pale mbele ya kijiji kizima, na mtu wa reli, na watu wa Harmon. Hapa kwetu jambo kama hilo linasimuliwa miaka na miaka, na walisimulie tu.